Fahali Ndani ya Simu

Mtu wa kwanza kumtia Andati hofu hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa msaga posho wa pale Khayega, mtu wa maneno mengi na unga hadi kwenye nyusi, na alichotoa ni pole tu. Alimpa Andati pole kwa kile kidonda cha Tingatinga, cha mguu wa nyuma upande wa kushoto, akauliza kama kitakuwa kimekauka kabla ya siku ya mapigano. Andati akasema kinakauka, akajitwika unga wake, akaondoka kwa mwendo wa mtu asiye na neno. Alipofika barabarani ndipo alipoutua chini, akageuka kumtazama tena yule msaga posho. Kidonda kile hakuna binadamu aliyekuwa amekiona ila yeye na mdogo wake Hezekiah.

Tingatinga alikuwa fahali wa kupigana, na fahali wa kupigana huku kwetu Isukha si ng'ombe wa kusalimiwa na kila mpita njia. Alikuwa na zizi lake nyuma ya migomba, limezungushiwa mabati hadi juu, mlango una kufuli. Mgeni hamwoni. Chakula chake hakitajwi. Akiumwa, wenyewe huugulia kimya kimya, kwa sababu adui akishajua palipo na udhaifu, hana haja ya kungoja siku ya uwanja. Wewe cheka kama umekulia mjini. Andati hakuwa na nafasi ya kucheka, kwa maana akiwa kijana aliamka alfajiri ya mapigano akamkuta fahali wa baba yao amelala ubavu, povu limemtoka mdomoni, miguu imekakamaa. Mzee alikaa kwenye kigoda akilitazama zizi tupu, akaacha kula vizuri, na mwaka haukuisha kabla hawajamzika. Hospitalini walisema ni presha. Andati alijua kwamba aliyemuua fahali alimuua na baba yake, ila mzee alichelewa kuanguka.

Sasa tuje kwenye simu, maana ndiyo iliyoleta haya yote ingawa wakati huo hakuna aliyeishuku. Andati alikuwa ametumia kabambe miaka nenda miaka rudi, ile ya vibonye na tochi, mpaka tarakimu zikafutika. Alipojaliwa kununua simu ya maana, mkewe Milcah alimsisitizia achukue mpya, hata ikiwa ndogo, hata ikiwa ya jina lisilojulikana, kwa sababu simu iliyotumika huwezi kujua imelala kwa nani. Andati akaitikia vizuri, kama waume wanavyojua kuitikia, akaenda Kakamega mjini, akazitazama zile mpya dukani, kisha akaishia kwa kijana mmoja anayeuza simu zilizotumika nyuma ya soko. Kwa bei ile ile ya mpya ndogo, huyu alikuwa na moja kubwa, nyembamba, yenye kamera ya kumwona nzi akijipangusa mabawa.

Muuzaji alipoiwasha ili kumwonyesha kioo, zikajitokeza video. Zilikuwa za mapigano ya mafahali: Khayega, Shinyalu, Malinya, vumbi na firimbi na ngoma za isukuti, mafahali ambao Andati aliwajua kwa majina, wengine walishaliwa zamani. Mwenye simu wa kwanza alikuwa mpenzi wa mchezo, hilo halikujificha, na Andati akahisi kama aliyekutana na mtu wa kwao ugenini. Muuzaji akamwambia angoje kidogo aisafishe, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Andati akamshika mkono.

“Usifute kitu,” alisema. “Naichukua hivyo hivyo.”

Kijana akainua mabega. Kazi aliyopunguziwa hakuililia.

Tangu siku hiyo Andati akawa mpiga picha. Kila asubuhi aliingia zizini na simu kabla ya kuingia na ndoo. Alimpiga Tingatinga akila, akinywa, akijikuna kwenye nguzo, na siku mguu ulipochunwa na waya akampiga na kidonda ili aone kama kinapungua. Hezekiah, ambaye simu yake ilikuwa bado ya tochi, alimcheka akisema ng'ombe huyu amepigwa picha kuliko mgombea wa kura. Picha hizo Andati hakumwonyesha mtu wa nje. Hakuzituma popote, na kwa kweli hata kutuma hakujua. Zilikuwa zake, ndani ya simu yake, na simu ilikaa mfukoni mwake mchana kutwa.

Kwa hiyo msaga posho alipotoa pole yake, simu haikumjia Andati akilini. Yaliyomjia ni macho. Alidhani mtu amechungulia kwenye mabati, akazunguka zizi lote akiziba matundu kwa matope na kinyesi cha ng'ombe. Akabadilisha kufuli. Ufunguo mmoja akabaki nao, wa pili akampa Hezekiah, kwa sababu bila Hezekiah hakuna kazi ya Tingatinga ingewezekana. Andati alikuwa mwenye fahali, lakini fahali alimtii mdogo mtu. Hezekiah akimshika sikio na kumnong'oneza, lile jitu lote liliinamisha kichwa.

Jumapili baada ya ibada, Khalayi, mwimbaji wa kwaya mwenye mdomo usio na breki, alimsimamisha Andati mbele ya watu. Akamtania kwamba Tingatinga siku hizi amekuwa mlevi, analishwa machicha ya busaa asubuhi asubuhi wakati mwenyewe anakaa kanisani kama malaika. Watu wakacheka. Milcah akaona aibu. Andati akacheka pia, kicheko kikavu. Machicha ya busaa yalikuwa siri ya baba yao. Yalichanganywa na pumba ndani ya zizi, mlango ukiwa umefungwa, na siku zote mchanganyaji alikuwa yeye au Hezekiah.

Ndipo hofu ilipomgeukia mtu. Andati hakutaka, hilo nitamtetea. Aliisukuma ile fikra mara nyingi, na kila akiisukuma ilirudi na ushahidi mpya. Hezekiah alikuwa mwendesha boda boda wa stendi ya Khayega, na mwendesha boda hubeba kila mtu. Alikuwa amenunua gambuti mpya, viatu virefu vya mpira, na hakusema za nini. Na siku moja Andati mwenyewe alimwona amembeba Osundwa, yule mzee wa Shinyalu mwenye fahali aitwaye Nyundo, ambaye ndiye Tingatinga angekutana naye uwanjani. Walikuwa wakizungumza njia nzima. Osundwa alikuwa amemwinamia Hezekiah sikioni, na Hezekiah alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Kelele za pikipiki humfanya kila abiria ainame hivyo, lakini mtu mwenye hofu haoni pikipiki.

Usingizi ukaanza kumpaa. Maji ya fahali aliyaonja kwanza yeye. Pumba aliinusa, akaipekua kwa vidole, akawapa kuku kidogo na kuwangoja kama watakufa. Milcah akamwambia atakuwa mgonjwa bure, naye akamjibu kwa ukali ambao haukuwa wake. Kila alipofumba macho aliona lile povu.

Mwishowe akatega mtego. Siku chache kabla ya mapigano alimtoa Tingatinga zizini giza likiwa halijaachia vizuri, akamswaga kwa njia za mtoni hadi Ilesi, kwenye wafinyanzi wanaojulikana kote, kwa mjomba wake mzee ambaye hakuwa na simu wala hamu ya kuongea na watu. Akamwambia Milcah kwamba fahali yuko upande wa Mukumu. Hezekiah peke yake ndiye aliyeambiwa Ilesi, akaambiwa huku mkono wa Andati ukiwa begani mwake. Kule Ilesi Andati alimfunga fahali nyuma ya kibanda cha mjomba, pale palipoanikwa vyungu vipya vya udongo kabla ya kuvichoma, akaona jinsi jua la asubuhi lilivyompiga mgongoni. Alipendeza. Akatoa simu akampiga picha.

Jioni hiyo hiyo, alipopita sokoni, fundi wa viatu aliinua kichwa akamuuliza kama nyasi za Ilesi zinamfaa Tingatinga.

Andati alipanda njia ya nyumbani mbio mbio, mtu mzima, koti limemtoka bega moja. Alituma watu wakamrudishe fahali kabla usiku haujaingia, kisha akasimama langoni akimngoja ndugu yake. Hezekiah alipofika na pikipiki yake, akiimba, bila habari, alikuta panga limeegemezwa kwenye nguzo na kaka yake amesimama kando yake.

“Ilesi nilikuambia wewe peke yako,” Andati alisema.

“Ni mimi peke yangu.”

“Sasa watu wa soko wamejuaje?”

Hezekiah akasema hajui. Akaapa kwa kaburi la baba yao. Akasema alimbeba Osundwa kama anavyombeba mtu yeyote, na waliongea juu ya mvua. Alizungumza polepole, mikono wazi, kama anavyozungumza na fahali aliyeshtuka, na hilo ndilo lililomtia Andati wazimu. Akaona anabembelezwa. Akaona povu, kigoda, zizi tupu. Milcah alikuwa amekwishatoka jikoni, na majirani wawili walikuwa wamesimama kwenye ua wa michongoma, wakati Andati alipoyasema yale maneno.

“Siku nitakufa, usikanyage hapa. Usishike jembe, usirushe mchanga yangu. Na wewe siku utakufa, usinitafute. Mimi sitakuzika.”

Milcah akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Huku kwetu ndugu hugombana, hupigana, hushtakiana kwa chifu kwa ajili ya mpaka wa shamba, na Krismasi wanakula pamoja. Lakini mambo ya kuzikana hayaguswi. Aliyeambiwa vile haingii tena kwenye boma hilo, na aliyesema haingii kwake, na wanaoamini husema atakayekaidi atavuta kifo kije kichague mmoja wao. Hayafutwi kwa samahani. Wazee lazima waitwe, kondoo achinjwe, na yule aliyeambiwa akubali kwa hiari yake kula nyama ile. Asipokula, maneno yanabaki.

Hezekiah akatoa ufunguo wa kufuli mfukoni, akauweka juu ya nguzo, karibu na panga. Akaigeuza pikipiki, na hakuiwasha. Aliisukuma kwa mkono mpaka barabarani, na hata huko hawakuisikia ikiwaka.

Ijumaa, siku iliyotangulia mapigano, jua likiwa bado juu, kijana mmoja aliingia bomani kwa Andati amebeba mzigo mkubwa wa majani ya miwa begani. Alikuwa na ndevu changa na viatu vya mjini. Akautua mzigo, akafuta jasho, akatabasamu kama mtu aliyefika kwa shangazi yake.

“Mulembe, mzee. Mimi naitwa Mike, natoka Lurambi. Nimeletea Tingatinga zawadi.” Akatazama huku na huku, akanyoosha kidole nyuma ya migomba. “Ako kwa ile zizi ya mabati, sindio? Ile iko na nguzo imeinama?”

Andati alishika panga. Hakujua hata alilitoa wapi. Kijana hajawahi kukanyaga hapa, na nguzo iliyoinama iko ndani ya zizi, upande ambao hata jirani haujui. Alimuuliza ametumwa na nani.

Mike akaona panga, tabasamu likamkauka. Akarudi nyuma hatua, akasema hakutumwa, akatoa simu yake haraka haraka na kuinyoosha mbele kama kitambulisho cha mtu aliyesimamishwa na polisi.

Andati akatazama. Alimwona Tingatinga akila. Akamwona akinywa, akijikuna. Aliona kidonda, kibichi, kisha kikianza kukauka. Aliona ndoo yake mwenyewe yenye machicha. Aliona vyungu vya Ilesi na mgongo wa fahali juani. Nyumba yake yote ya siri ilikuwa mle, mkononi mwa mtu asiyemjua, na kwa muda aliamini kwamba anachokitazama ni uchawi wenyewe, kwamba hivi ndivyo unavyofanana ukiuona kwa macho.

“Simu yenye uko nayo ilikuwa yangu,” Mike alisema. “Niliuza bila kutoa akaunti. Sasa kila picha unapiganga, inakuja kwangu. Ningefunga, lakini mzee, ningefungaje? Kila asubuhi naamka naangalia Tingatinga kwanza. Naweka kwa grupu ya mashabiki, hata wa hapa Khayega wako ndani. Watu wote wanampenda. Wanajua ni wewe unatuma.”

Alisema hayo kwa fahari. Akazidi kusogeza picha kwa kidole kumwonyesha, mpaka akafika kwenye ile ambayo kona yake ilizibwa na kidole cha Andati. Ndani yake Hezekiah alikuwa amemshika fahali sikio, kichwa kimerudi nyuma, anacheka.

“Huyu ni nani?” Mike aliuliza. “Mashabiki wanamuulizanga sana.”

Andati aliketi chini, pale pale kwenye mavumbi. Milcah, ambaye alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni, angeweza kusema alilosema kuhusu simu iliyotumika, na angekuwa na haki. Hakulisema. Alimwambia tu, kwa sauti ya chini, aende kabla jua halijatua.

Alimkuta Hezekiah nje ya nyumba yake, ng'ambo ya kijito, anaosha pikipiki. Andati alisimama njiani, nje ya ua, kwa sababu mwiko aliufunga mwenyewe na miguu ilikataa kuuvuka. Kutoka pale akaeleza yote, simu, akaunti, yule kijana, vyungu. Alieleza vibaya, akirudia rudia, kama mtoto aliyevunja kitu. Hezekiah alimsikiliza bila kuacha kuosha. Alipomaliza gurudumu la nyuma, akakamua kitambaa.

“Simu utauza tena,” alisema. “Na yale maneno, nani atanunua?”

Andati akasema ataita wazee baada ya mapigano. Kondoo yupo. Hezekiah akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Andati kuliko matusi.

“Waite. Mimi sijakataa. Lakini tangu hiyo siku hata ugali haishuki. Kondoo nitameza aje?”

Asubuhi ya mapigano, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mashamba, Tingatinga alikataa kutoka. Alipiga teke mabati, akapinda shingo, akayumbisha watu waliomshika kamba kana kwamba ni nguo kwenye waya. Ngoma za isukuti zilikuwa zimeshaanza kulia barabarani na kundi la waimbaji linangoja. Walimvuta kwa shida hadi langoni, na hapo akasimama, akapuliza pua, macho yamemtoka. Kisha akatulia ghafla. Hezekiah alikuwa amesimama barabarani na gambuti zake. Alipokea kamba, akamshika fahali sikio, wakatangulia.

Uwanjani watu walijaa hadi kwenye miti. Nyundo wa Osundwa aliingia na pembe zilizochongwa zikimeta. Yalipokutana yale mafuvu, mlio ulifika tumboni. Andati alikuwa ameingojea siku hii tangu ujana, na sasa alipigwa na butwaa kugundua kwamba macho yake hayamfuati fahali. Alikuwa akimtazama Hezekiah, aliyekuwa karibu mno na pembe, akikimbia ubavuni mwa Tingatinga na kumsemesha. Kila Nyundo alipogeuza kichwa, Andati alikufa kidogo. Alijikuta akihesabu mapengo kati ya pembe na kifua cha ndugu yake, akimwomba Mungu, si kwa ushindi, ila tu yule mtu asianguke leo. Leo hapana. Akianguka leo, nani angemwinua, na Andati angesimama wapi siku ya kumlaza?

Nyundo akageuka akakimbia. Uwanja ukalipuka. Osundwa mwenyewe alikuja kumshika Andati mkono, akamwambia amemfuga vizuri, na kwenye macho ya mzee huyo hakukuwa na kitu kingine chochote.

Walirudi nyumbani mbio, wakiimba, vumbi limewajaa mpaka menoni, Mike na wenzake wa Lurambi katikati ya kundi wakipiga picha. Waimbaji waliingia bomani wakizunguka nyumba, wakimwita Milcah atoke acheze. Hezekiah aliyeshika kamba alifika langoni, akasimama. Alinyoosha mkono, akamkabidhi Andati kamba kwa juu, bila gambuti yake kuvuka mstari wa nguzo.

“Ingia, Hezekiah,” Andati alimwambia. “Nakuomba. Nimekosa, ingia.”

Hezekiah alitazama ardhi ya ndani, nyasi zile alizokulia, kama mtu anayetazama maji asiyojua kina chake.

“Naogopa, mkubwa,” alisema. “Nikikanyaga hapo, sijui ni nani kati yetu nitakuwa nimeua.”

Akageuka akashika barabara. Andati alimtazama mpaka akapinda kwenye kona ya kijito, mdogo wake wa pekee, mgongo umeanza kuinama kama wa baba yao. Walikuwa wawili tu waliobaki, na mmoja angetangulia. Ndani ya boma watu walikuwa wakiimba jina la Andati, na Tingatinga alikuwa akiivuta kamba, anataka maji.